Tupeane uzoefu: gemu gani ya shujaa ilikufanya ujione ni yeye, na ipi ilikutapeli?

Mwenye uzi

Wakuu, salaam.

Superman alipata gemu yake ya Atari mwaka 1979, na tangu hapo gemu za mashujaa ni kupata na kukosa: moja unakesha nayo, tatu unajuta hata kuziazima. Tupeane uzoefu. Ipi ilikufanya ujione ni yeye hasa, na ipi ilikula muda wako bure?

Naanza mimi. Spider-Man 2 ya PlayStation 2 (PS2), ile ya kampuni ya Treyarch ya 2004. Kwenye kibanda chetu cha gemu Tandika mwenye mali alikuwa haipendi kabisa, maana mtoto akishaikalia haamki, na wanaotaka gemu ya mpira wamepanga foleni wanagomba. Katika ile ya kwanza ya 2002 utando ulikuwa unanata hewani tu, upo juu ya ghorofa zote na bado unaning'inia, sijui kwenye mawingu. Ya 2004 wakasema hapana, utando lazima ushike ukuta. Basi ukikata kona vibaya unalamba lami. Ukifika Central Park, ile bustani ya New York, majengo yameisha, unabaki kuhangaika na miti. Ukiachia kamba mapema unatupwa mbele, ukichelewa unapaa juu na kasi inakufa. Sisi hata hadithi hatukuijali. Tulikuwa tunapeleka piza! Muziki wa Kiitaliano unapiga, sekunde zinakatika, kibanda kizima kinakupigia kelele upite kushoto.

Na hiyo ni gemu iliyotoka sambamba na muvi, kwa hiyo wale wa "gemu za muvi zote takataka" waje na hoja. Mimi naona siri iko hapa: waliofanikiwa walianza na mwili. Huyu mtu mwili wake unafanya nini ambacho wangu hauwezi? Sura na nguo vikafuata.

Karibuni. Vita vya Marvel na DC, yale makampuni mawili ya vitabu vya mashujaa, vina uzi wake, msivilete hapa.

Fundi Padi, Mwanza

Mkuu naunga mkono, na ushahidi ninao. Batman: Arkham Asylum, 2009, ya Rocksteady wa London. Kampuni ile kabla ya hapo ilikuwa na gemu moja tu. Hakukuwa na muvi ya Batman mwaka ule, kwa hiyo hakuna aliyewashikia saa. Ona walichofanya: wakampa Batman mwili wa binadamu. Mwenye bunduki akikuona, risasi chache tu umekwenda. Ndiyo maana unajificha juu ya yale masanamu ya mawe darini, unashuka mmoja mmoja, na wanaobaki wanaanza kutetemeka wanafyatua ovyo gizani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wahalifu wanamuogopa mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu.

Sasa kichekesho. Kopi za mtaani mnazijua. Ofisini kwangu kijana kaleta kompyuta analia gemu mbovu: kuna chumba kimejaa gesi ya sumu, unatakiwa uelee na joho uvuke upande wa pili. Joho lake linafunguka, linajifunga, linafunguka, anadondoka kwenye gesi, anakufa. Kila akirudia ni hivyohivyo. Nikahangaika na viendeshi vya kadi ya picha, wapi. Kumbe watengenezaji walitega makusudi, kopi ya wizi Batman haelei. Kuna mtu mmoja alikwenda kulalamika kwenye jukwaa la Eidos, wachapishaji wa gemu, mwaka huohuo 2009, akajibiwa kwamba hitilafu haiko kwenye gemu, iko kwenye maadili yake. Nilicheka mpaka mteja akakasirika.

Bint Maskati

Mie nilikua huku Oman. Kaka zangu walikuwa wakinichukua kwenye mashine za sarafu za dukani, na aliyenishika ni Storm kwenye X-Men vs. Street Fighter ya Capcom, ya 1996. Wavulana wote Wolverine, Wolverine, yule wa makucha. Mie namchukua yule dada mwenye nywele nyeupe, naruka hewani kokote nitakako, nawamwagia radi, nashuka napotaka. Bibi yangu Mmombasa alifurahi nilipomhadithia kuwa mamake Storm katika hadithi ni Mkenya wa ukoo wa kifalme, na mwenyewe alikulia Cairo kisha akashuka kwa miguu mpaka Serengeti. Na msimdharau: katika Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 mna wapiganaji 56, na kwenye mashindano yeye, Magneto na Sentinel ndio waliokuwa wakiogopwa.

Gemu hizo za ngumi hamna hadithi ya maana, lakini kila mtu mwili wake mbali. Nakubaliana na mwenye uzi.

Mbeba Boksi, Marekani

Nyie mnaongelea utapeli hamjaujua. Nintendo 64, Superman ya 1999, kampuni ya Titus. Tuliikodi wikiendi. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, kazi yake ya kwanza ni kupita kwenye mapete angani. Ukikosa machache, unarudi mwanzo. Ukimaliza mapete unapewa kazi ndogo, kisha mapete tena. Mji umefunikwa ukungu kiasi kwamba ghorofa linakutokea puani, na gemu inakwambia ni ukungu wa kryptonite, lile jiwe linalomdhoofisha Superman. Padi unaisukuma kushoto, jamaa anafikiria kwanza.

Baadaye mmoja wa waanzilishi wa Titus, Eric Caen, alieleza kwamba wenye haki za Superman hawakutaka Superman apige watu halisi, ndiyo sababu mji mzima ukageuzwa kuwa wa ndani ya kompyuta ya adui yake, Lex Luthor. Kwa hiyo mwenye uzi, mwili peke yake hautoshi. Kuna mwenye mali pembeni anayesema mwanangu hafanyi hivi.

Wa Nakuru

Mbeba Boksi amesema ukweli. Lakini hata wakimwachia, Superman ni mgumu. Ile ya 2006 ya kampuni ya EA walifikiria vizuri: yeye haumii, kinachoumia ni mji wake, Metropolis, ukiisha umepotea. Wazo safi sana. Halafu bosi wa mwisho akawa kimbunga. Upepo, jamani.

Mimi yangu ni Hulk: Ultimate Destruction, 2005. Unararua gari vipande viwili unavaa mikononi kama glavu za ngumi, basi unalibonda unateleza nalo barabarani. Na kampuni ni ileile, Radical, iliyofanya Hulk ya muvi 2003, ambapo mara unakuwa Bruce Banner, yule binadamu kabla hajageuka Hulk, unanyatianyatia walinzi. Nani ananunua Hulk akanyatie? Walipoachana na muvi ndipo wakamfungulia. X-Men Origins: Wolverine ya 2009 nayo ilishinda muvi yake mbali, nyama inachanika unaona mifupa, inajifunga yenyewe.

Mama Pacha

Wangu wako kwenye Marvel Rivals, ni bure tangu Desemba 2024, bando ndilo linalolia. Mkubwa aliipenda Marvel's Avengers ya 2020, ikaondolewa sokoni Septemba 2023. Hulk na Thor wote wanahangaika kuokota vifaa vya kuongeza namba. Mimi siyo mtaalamu lakini Thor wa kuokota vifaa sikumwelewa.

Mwenye uzi

Mama Pacha umemaliza, na nakuongezea. Rocksteady haohao wa Fundi Padi walitoa Suicide Squad mwaka 2024. Papa mwenye miguu, King Shark, wakampa bunduki! Ana meno yale yote. Warner, wenye kampuni, wakatangaza hasara ya dola milioni 200. Kampuni ileile, ila gemu ilikuwa ya kuuza vitu kila msimu, na ukishataka hivyo lazima wote washike silaha za kubadilishika.

Mbeba Boksi, hoja ya mwenye mali naipokea. Inauma zaidi ukikumbuka gemu ya Black Panther ya studio ya Cliffhanger, EA waliifuta Mei 2025 na studio wakaifunga.

Wa Nakuru, kuhusu makucha: Insomniac, wale wa Spider-Man ya 2018, walitangaza Wolverine mwaka 2021. Ni ya PS5. Anza kuchanga mapema.