Rolo za ramani za ofisi ya usanifu iliyofungwa: nianzie wapi kabla ya kuskani?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Tumekabidhiwa kumbukumbu za ofisi ya wasanifu majengo na wabunifu wa mandhari iliyofanya kazi mjini kuanzia miaka ya 1950 hadi 1990. Kuna rolo zipatazo 400 zilizofungwa kwa mipira, na baadhi zimekauka kiasi kwamba ukizikunjua zinakatika. Kuna ramani za bluu, karatasi za kutresi (zinazopitisha mwanga, za kunakilia mchoro), za plastiki, maboksi ya barua, slaidi na disketi chache. Miradi ni ghorofa za ofisi, shule na bustani za umma.

Wapo wanaotaka tuskani kila kitu haraka, kisha tutupe nakala zinazojirudia. Naomba kujua kipi kitangulie, vitu gani visikae pamoja, na kipi kisitupwe kabisa.

Mtunza_Rolo

Skana iwe ya mwisho. Kwanza linda mpangilio uliokuta. Kila rolo ipate namba ya muda kwenye lebo ya karatasi iliyofungwa kwa utepe wa pamba, ipigwe picha ilivyo, kisha andika namba ya mradi iliyo kwenye kisanduku cha maelezo, mara nyingi pembe ya chini kulia. Barua, hesabu, slaidi na ramani zote za ofisi huunganishwa na namba hiyo. Ukizipanga upya kwa mtaa au kwa aina ya jengo, utashindwa kujua barua ya mhandisi inazungumzia nguzo ipi. Mipira ikatwe kwa mkasi, isivutwe, maana ikizeeka hugandana na karatasi.

Hatua ya pili ni kutambua karatasi ilivyotengenezwa. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu kinachoilinda aina moja huiharibu nyingine.

Bluprinti, yaani ramani ya bluu, ina mistari myeupe kwenye uwanja wa bluu. Njia hiyo ilibuniwa na John Herschel mwaka 1842, na rangi yake huharibiwa na alkali. Folda zilizotiwa kalsiamu kabonati, ambayo ni alkali, na ambazo ni nzuri kwa karatasi za kawaida, kwa bluprinti hazifai. Tumia folda isiyo na asidi wala alkali ya ziada. Mwanga huipausha, ikikaa gizani hurudisha sehemu ya rangi, si yote.

Diazo, aina nyingine ya nakala ya mchoro, ni kinyume chake: mistari ya bluu, nyeusi au kahawia kwenye uwanja mweupe. Kemikali zilizobaki ndani yake hutoa mvuke unaogeuza karatasi jirani kuwa ya manjano, na zile za kahawia ndizo mbaya zaidi. Zipe folda zake, mbali na michoro ya asili na mbali kabisa na bluprinti.

Kitambaa cha kutresi kimepakwa wanga, hivyo tone la maji au kidole chenye jasho huacha doa la kudumu. Filamu ya polista (zile za plastiki) yenyewe ni imara, ila wino na penseli vimekaa juu juu, kwa hiyo usiifute kwa raba. Filamu au negativu inayonuka siki ni ya asetati, plastiki ya zamani, inayooza: itenge siku hiyo hiyo, kwani mvuke wake huchochea uozo wa zilizo karibu, kisha ipelekwe kwenye ubaridi.

Stoo iwe chini ya nyuzi 20, unyevu kati ya asilimia 35 na 50, na usipande na kushuka kila siku. Ukizidi asilimia 65, kuvu huanza.

Fundi_Karatasi

Naongeza kuhusu rolo zinazokatika. Usizilazimishe. Chukua pipa la plastiki lenye mfuniko, weka maji sentimita 3 chini, kisha wavu au kikapu juu ya maji, na rolo iliyolegezwa juu ya wavu bila kugusa maji wala kuta. Funika. Anza kuangalia baada ya saa 2. Karatasi nene inaweza kuhitaji usiku mzima. Ikishalainika, ikunjue taratibu, ilaze kati ya karatasi za kukaushia, weka ubao na uzito juu. Badilisha za kukaushia baada ya nusu saa, tena baada ya saa chache, kisha iache siku mbili tatu. Ukiitoa ikiwa na unyevu itajikunja upya, au itaota kuvu.

Pipa hili si la kila kitu. Kitambaa cha wanga, picha, rangi za maji, mihuri na wino unaoyeyuka visiingie humo. Karatasi za kutresi hutanuka sana zikipata unyevu na hukauka zikiwa na mawimbi, hivyo mwachie mtaalamu. Selotepu kuukuu nayo usiibandue: hutoka na mchoro.

Zikinyooka ziende kwenye droo pana, folda moja isizidi karatasi 15 au 20. Zisizoingia kwenye droo, viringisha kwa NJE ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, refu kuliko mchoro, lililofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi. Kuziingiza ndani ya bomba huchana kingo kila unapozivuta.

Pikseli_na_Wino

Sasa skana. Msichague ubora kwa mazoea, pimeni mstari mwembamba kuliko yote. Kalamu za wino za wasanifu zilianzia milimita 0.13. Kwa pikseli 300 kwa inchi, mstari huo unapata pikseli moja na nusu, na mistari ya kivuli iliyobanana huungana. Kwa 400 unapata pikseli mbili, unasomeka. Gharama yake ni nafasi: karatasi kubwa ya A0 (milimita 841 kwa 1189) ya rangi kwa 300 ni takriban megabaiti 418 bila kubanwa, kwa 400 ni kama 744. Hesabuni diski kabla ya kuanza.

Skanini kwa rangi hata mchoro wa wino mweusi. Skani ya nyeusi na nyeupe tupu hufuta maandishi ya penseli na kalamu nyekundu, ambayo mara nyingi ndiyo maamuzi yaliyofanyika kwenye eneo la ujenzi. Weka rula ya milimita pembeni ya kila mchoro, kwani "1:100" haina maana picha ikishapunguzwa. Skana inayovuta karatasi kwa rola isiguse chochote kilichochanika. Hivyo vipigwe kwa kamera iliyofungwa juu ya meza.

Jina la faili lifuate namba ya mradi, seti, karatasi na toleo, kwa mfano 6214_U_012_C.tif.

Disketi za inchi 3.5: fungua kidirisha cha kuzuia kuandika, nakili diski nzima kama taswira (faili moja yenye kila kilichomo), tengeneza alama ya SHA-256 ya kuthibitisha kuwa nakala haijabadilika, ndipo mfungue nakala. Faili za DWG, yaani michoro iliyochorwa kwa kompyuta, hutegemea faili nyingine zilizounganishwa, fonti na jedwali la unene wa mistari. Ukinakili DWG peke yake, nusu ya mchoro haitaonekana. Bakini na DWG ya asili pamoja na PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi muda mrefu.

Mleta mada

Asanteni sana wakuu. Bado swali la kutupa nakala, na hizi za bustani sijui kama zinafuata utaratibu ule ule.

Mizizi_na_Kontua

Toleo B na toleo C si nakala moja, hata zikifanana kwa jicho. Soma jedwali la mabadiliko. Nakala itupwe tu ikiwa ni toleo lile lile na haina maandishi, muhuri wa idhini wala sahihi. Mchoro wa kazi ilivyokamilika usitupwe kamwe, kwa sababu mabomba na misingi ya kweli iko humo.

Bustani zinahitaji uangalifu zaidi kuliko majengo. Mchoro wa upandaji umejaa duara zenye vifupisho, na bila orodha yake ya mimea haueleweki. Orodha hiyo huwa na spishi, idadi, nafasi kati ya miche na ukubwa wa kupandia, na mara nyingi imechapwa kwenye karatasi ndogo iliyopotelea kwenye boksi la barua. Itafute, halafu unganisha kwa namba, usiihamishe. Vivyo hivyo vimo vya ardhi: vyote huhesabiwa kutoka alama moja ya kimo, na karatasi inayoitaja ikipotea, kontua zote, yaani mistari ya kimo cha ardhi, hazina pa kushikia.

Majina ya mimea yanakiliwe yalivyoandikwa, na jina la sasa liongezwe kwenye sehemu yake. Baada ya uamuzi wa mkutano wa Vienna mwaka 2005, Acacia xanthophloea huorodheshwa kama Vachellia xanthophloea. Anayetafuta kwa jina moja lazima afikie yote mawili.

Slaidi za bustani zipewe kipaumbele kwenye skana, pamoja na tarehe iliyochapwa kwenye fremu. Jengo unaweza kulipima leo, lakini mti uliokatwa hauna ushahidi mwingine. Ila tarehe ya fremu ni ya kusafisha filamu, si ya kupiga picha, kwa hiyo iandikwe hivyo kwenye maelezo.

Na jambo la haki: kukabidhiwa karatasi si kukabidhiwa hakimiliki. Michoro ya mhandisi iliyomo kwenye rolo hizo yaweza kuwa ya ofisi nyingine kabisa, hivyo kabla ya kuweka chochote mtandaoni someni hati ya makabidhiano, na michoro ya hazina za benki au mifumo ya ulinzi iwekewe masharti tangu siku ya kuorodhesha.