Solo ya muziki wa metali inapotea bendi nzima ikianza kupiga: nirekebishe wapi?

Swali
Wapenzi wa gitaa, naombeni msaada. Ninapiga gitaa lenye pikapu za humbaka (vinasa sauti vya koili mbili) kupitia ampu (kikuza sauti) ya Peavey 6505, na nyumbani sauti yangu ya solo hunikonga moyo: geini (kiasi cha ukwaruzo wa sauti) 8, besi 7, masafa ya kati 3, trebo 7. Tukifika mazoezini, gitaa la pili likishika ridhimu, noti zangu za kasi hugeuka mngurumo mmoja usioeleweka. Niongeze geini, au nibadilishe ampu?

Jibu la kwanza
Ndugu, ampu hiyo usiiguse, kwa maana ni mrithi wa ampu ya Peavey 5150 ya mwaka 1992 na imebeba metali nyingi mno. Tatizo ni hiyo 3 ya masafa ya kati. Chini wamekaa gitaa la besi na ngoma ya mguu, juu wamekaa matoazi. Ukiyakata masafa ya kati, umehama nyumba yako na kwenda kubanana na wenzako. Yapandishe hadi 7, besi ishuke hadi 4, geini irudi 5, kwa sababu geini ikizidi, noti uliyoichapa kwa nguvu na ile uliyoigusa kwa wepesi hutoka sawasawa, na mchapo wa piki hausikiki tena.

Kisha tanguliza pedali ya Tube Screamer mbele ya ampu, draivu (ukwaruzo wa pedali yenyewe) ikiwa 0 na leveli (nguvu ya sauti inayotoka) ikiwa juu. Pedali hiyo hupunguza besi na kuinua masafa yaliyo karibu na hezi 720 kabla sauti haijakwaruzwa. Besi ukiipunguza baadaye, tope limekwisha kutengenezwa.

Jibu la pili
Ninaafiki, ila dilei (efekti ya mwangwi) nayo isisahauliwe. Ipitishe kwenye lupu ya efekti nyuma ya ampu, yaani njia inayopokea sauti ikiwa imekwisha kukwaruzwa, la sivyo mwangwi wenyewe utakwaruzwa pamoja na noti. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila pigo. Anza na hizo, mwangwi ukiwa chini ya noti kabisa. Kwa vifungu vya kuteleza (noti zinazoungana bila kuchapwa kila moja) jaribu pikapu ya shingoni, ambayo ni laini zaidi.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Jana nilipokuwa peke yangu sauti hii ilinikera, kana kwamba inatokea puani, lakini bendi ilipoingia kila noti ilisikika. Limebaki moja: nikiongeza leveli ya Tube Screamer wakati wa solo, ukwaruzo unazidi lakini sauti haipandi.

Jibu la kwanza
Ndivyo inavyokuwa, kwa kuwa mbele ya ampu hakuna tena nafasi ya kupanda. Weka pedali safi ya kuongeza sauti ndani ya lupu, ikanyage solo inapoanza, na kiwango chake kipime bendi nzima ikiwa inapiga.