Soketi za sakafuni saluni: nizing'oe au kinga inatosha?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa mafundi umeme na yeyote mwenye uzoefu.

Nimepanga fremu ya saluni hapa Dar. Zamani ilikuwa ofisi, na zimebaki soketi mbili za sakafuni zenye vifuniko vya shaba. Moja iko karibu kabisa na sinki la kuoshea nywele. Vigae vinapigwa deki kila siku, na wasusi wengine hufanya kazi pekupeku. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Kwa sasa nimezima breka yake. Fundi mmoja alifungua kifuniko akakuta unyevu, skrubu zina kutu. Anashauri tuzibe kwa silikoni na kufunga RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Mwingine anataka waya zing'olewe, soketi zihamie ukutani. Mimi naona silikoni inazuia maji ya juu tu, si yale yanayopitia kwenye bomba la waya.

Je, RCD hiyo inatosha kulinda mtu maji yakiingia tena, au hapa hata soketi ya sakafuni yenye IP67 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) haifai? Na zikihamia ukutani, zikae umbali gani kutoka kwenye sinki?