Wahandisi tupeane uzoefu: kitu gani cha maana umejifunza BAADA ya chuo, na nani alikufundisha?

Wakuu habari za jioni. Leo nimekaa najaza pointi zangu za CPD (mafunzo endelevu ya wahandisi) za mwaka, nikaanza kuorodhesha semina nilizohudhuria. Ya kwanza naikumbuka vizuri, ya pili nakumbuka ukumbi na pilau tu, ya tatu mpaka nikafungua cheti kusoma mada ilikuwa nini. Nikajiuliza hivi hii kazi ninayoifanya leo nimeijulia wapi, maana siyo humo.

Ngoja nianze mimi. Mimi ni wa barabara. Nilitoka chuo nikapita SEAP, ule mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wapya, miaka yangu mitatu, kitabu kikasainiwa, nikasajiliwa, nikajiona nimefika. Kazi ya kwanza kusimamia mwenyewe ilikuwa kilomita kama 4 za lami nyepesi huko kanda ya kati, na katikati yake kuna mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia na masika unakuwa uji. Majibu ya CBR (kipimo cha udongo kubeba mzigo) ninayo mezani, nimeona yanatosha, nikapiga hesabu za tabaka kama tulivyofundishwa darasani. Fundi wa maabara, mzee mmoja alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, akaniita, "mhandisi njoo nikuonyeshe kitu". Akachukua ule udongo umeshakaushwa na kuchekechwa, akapima mililita 10, akaumimina taratibu kwenye silinda ya kioo ya mililita 100 yenye maji, akaiweka dirishani, akasema tuonane kesho.

Kesho yake udongo umefika kwenye mstari wa 21. Hakuna aliyeongeza kitu. Mzee akacheka akaniuliza, sasa hiyo lami yako unailaza juu ya mtu anayevimba na kusinyaa kila mwaka, utamshika?

Kinachoniuma ni kwamba mwongozo wa wizara wa usanifu wa barabara wa 1999 ulikuwa kwenye droo yangu, na mambo ya udongo huo yameelezwa humo, nilikuwa sijawahi hata kufungua hizo kurasa. Tukarudia michoro. Tuta likanyanyuliwa, miteremko ya pembeni ikalazwa, mabega nayo yakapigwa lami, na mitaro ikasogezwa mbali na mguu wa tuta. Ile mitaro nilikuwa nimeichora imegusana kabisa na barabara, yaani maji nilikuwa nayapeleka chini ya lami kwa mkono wangu mwenyewe. Pale katikati chini ya lami unyevu haubadiliki sana, pembeni ndiyo unapanda na kushuka na misimu, kwa hiyo pembeni kunacheza katikati kumetulia, ndiyo zile nyufa ndefu mnazoziona zinafuata barabara karibu na ukingo. Leo nikipita barabara yoyote nikiziona najua huyu mwenzangu hakuwa na mzee wa maabara.

Pointi nilizopata kwa hilo somo: 0. Haya tiririkeni.

Mdau wa umeme, Morogoro

Aisee mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa kiwanda kimoja, jina tuliache. Mashine ya kufungasha inasimama saa 8 usiku, tunabadilisha fyuzi, tunabadilisha kontakta, tunaizima tunaiwasha, wapi. Siku ya tatu analetwa mtaalamu kutoka nje, tiketi ya ndege, hoteli, posho. Jamaa kafika, kachomeka laptopu kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, kakaa kimya kama dakika 10 anaangalia skrini, kanyanyuka kaenda nyuma ya mashine na kitambaa, kafuta sensa moja imejaa vumbi la unga. Mashine ikawaka. Akafunga laptopu yake akaomba chai.

Siku ile sikulala. Siyo kwa sababu ya hela aliyolipwa, ni kwamba ile sensa nilikuwa nimeipita mara 20. Yeye kaona kwenye skrini ingizo I0.3, yaani la sensa ile, haliwaki wakati boksi limeshafika, basi. Sisi tulikuwa tunatafuta kwa macho, yeye alimuuliza mwenye mashine, yaani PLC.

Nikaenda kwa watu wa skrepa nikapata PLC ya zamani imetolewa kwenye mashine iliyokufa, nikatengeneza pawasaplai ya volti 24, nikafunga balbu tatu kwenye ubao, nikawa naandika programu ya taa za barabarani sebuleni. Mke wangu alidhani nimeanza biashara ya disko. Miezi minne hivyo hivyo kila usiku, makosa ndiyo mwalimu, kuna siku balbu nyekundu na ya kijani zimewaka pamoja wiki nzima sijui kwa nini, kumbe nimeamrisha towe moja (njia ya kuwasha balbu) sehemu mbili tofauti kwenye programu. Ukiniuliza leo kosa hilo nalinusa kabla sijafungua faili.

Mchangiaji wa Dar, majengo

Msizitukane semina jamani. Mimi pia nasinzia, sikatai. Ila kazi yangu ya sasa niliipata kwenye foleni ya chai Siku ya Wahandisi, nilikuwa nalalamika kwa mtu nisiyemjua kwamba msingi wa nguzo za kuchimba unanisumbua maji yanaingia, kumbe ndiye anayeifanya hiyo kazi miaka 15. Mada zote za ukumbini sikumbuki hata moja.

Dada wa miundo, Arusha

Yangu ni ya aibu kidogo naomba msinicheke.

Chuo tulisoma BS 8110, kanuni za Kiingereza za usanifu wa zege, tukaimeza mpaka jedwali. Nilipoingia mradi wenye mshauri wa nje, kila kitu Eurocode, kanuni za Ulaya. Na Waingereza wenyewe BS 8110 waliiondoa 2010, mimi bado naishi nayo kama rafiki. Kwenye michoro zege limeandikwa C25/30, ndiyo daraja la nguvu yake kwa megapaskali. Mimi kwa akili yangu nikaelewa ni kati ya 25 na 30. Matokeo ya vile vipande vya mchemraba vya siku 28 yakaja mengi 27, 28, nikaona safi kabisa tuko katikati, nikasaini.

Kumbe namba ya kwanza ni ya kipande cha mviringo, cha silinda, ya pili ndiyo ya mchemraba. Zege lile lile, maumbo mawili, mchemraba unasoma juu zaidi kwa sababu ya ufupi wake na jinsi zile sahani za mashine zinavyoushika juu na chini. Sisi tunavunja mchemraba, kwa hiyo tulitakiwa kusimama kwenye 30. Mshauri hakunifokea, angalau angefoka. Aliandika tu kwa kalamu pembeni ya ripoti yangu, "mchemraba au silinda?" na alama ya kuuliza. Tukakata kori (vipande vya zege vya kupimwa) kwenye zile bimu, ikabidi tupige hesabu upya na bahati yetu zilibeba.

Tangu hapo nikajipangia, saa 10 alfajiri kabla mtoto hajaamka, kurasa 3 za Eurocode 2, ile ya zege, kalamu mkononi, mfano mmoja naupiga kwa mkono hata kama programu inaweza. Imenichukua mwaka na nusu. Hakuna mtu aliyenipa cheti na wala sikiulizi.

Mzanzibari wa Muscat

Mie nipo Oman mwaka wa sita, kwetu Unguja. Nilikuja najiona najua zege, nimemwaga zege maisha yangu yote. Siku ya kwanza gari limefika, foromeni wa Kihindi kachomeka kipimajoto, kasoma 34, karudisha gari zima! Nikamwambia wewe una wazimu, zege zuri hili. Akanionesha kwenye mkataba mwisho 32.

Huku kiangazi tunamwaga usiku, na kiwandani wanaweka barafu iliyopondwa. Na hiyo barafu inahesabiwa ndani ya maji yale yale, siyo nyongeza, ukiweka juu ya maji umeshaua nguvu. Ukimwaga mchana na upepo wa jangwa, juu panakauka kabla maji ya chini hayajapanda, nyufa unaziona hata hujaenda kula. Sasa nikikumbuka kwetu tulivyokuwa tunamwaga slebu saa 7 mchana mwezi wa pili halafu mtu anaongeza ndoo "liwe laini", naona haya.

Fundi sanifu, Mwanza

Nimesoma zote, nzuri. Ila nimegundua kitu. Mzee wa maabara, foromeni wa Kihindi, hakuna hata mmoja hapo mhandisi. Mimi nina FTC, cheti cha fundi sanifu, niko kwenye pampu za maji miaka 19. Vijana waliopita mkononi kwangu nimewahesabu ni 6, wote sasa wana muhuri wa mhandisi. Wa mwisho nilimfundisha kusikiliza pampu inapokula hewa, ile sauti ya kama kokoto zinapita kwenye bomba, yeye alikuwa anataka kufungua beringi. Nikamwambia kwanza kaangalie chujio la kunyonyea. Akakuta mfuko wa plastiki.

Wiki iliyofuata niliona ameandika kwenye ripoti "nimebaini". Sina kinyongo naye, kijana mzuri, anapiga simu mpaka leo. Ila nauliza, mkijaza hizo fomu kuna sehemu ya kuandika jina la aliyekufundisha?

Mwanzisha mada

Mkuu umenikamata. Nimeifungua tena fomu hapa, kuna jina la mwandaaji, tarehe na idadi ya saa. Yule mzee wa maabara amestaafu yupo kijijini kwake, namba yake ninayo, sijampigia tangu mwaka juzi.

Mdau wa umeme, Morogoro

Mpigie leo leo.

Mgeni, mwaka wa 4 chuo

Kaka wa Moro shikamoo. Ile PLC ya skrepa bado unayo? Pawasaplai ya volti 24 mimi tayari ninayo na balbu ninazo.

Mdau wa umeme, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Ipo, ila ingizo la 3 limeungua. Nitakupa na ubao wake, njoo na kitambaa.