Ndege kujificha isionwe na rada: ni silaha kweli au tunaikuza?

Kipanga: Wakuu, swali moja tu. Ndege ya kivita kama Rafale ya Ufaransa au Su-35 ya Urusi, yenye rada nzuri, jicho la kunusa joto na mitambo ya kuvuruga mawimbi, bado iko nyuma ya F-35 ya Marekani inayojificha na rada? Au hii stelthi, yaani huko kujificha, tunaikuza? Waserbia si waliitungua F-117, ndege ya stelthi ya Marekani, mwaka 1998 kwa kombora la Kisovieti la miaka ya sitini?

Mzee wa Mawimbi: Si 1998, ni 27 Machi 1999. Kikosi cha makombora ya S-125 cha kamanda Zoltán Dani kiliipata kwa rada ya kutafutia ya P-18, ambayo wimbi lake lina urefu wa karibu mita 2. Wimbi refu hivyo halijali sana pembe zilizochongwa, maana mkia wa ndege unakaribia ukubwa wake, kwa hiyo unaitikia. Ila P-18 inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Kuongoza kombora kunataka wimbi la sentimita chache, na hapo F-117 haikushikika mpaka ilipokuwa imekaribia sana, kilomita kumi na kitu. Rada hiyo ya kuongoza unaiwasha sekunde chache, ukikosa unazima na kuhama. Ukizembea unaletewa kombora linalofuata rada yako mwenyewe.

Kozi: Na F-117 si ndege ya kupigana angani hata kidogo! Haina rada, haina mzinga, ina mabomu mawili tumboni basi. Huko ni kumhukumu duma kwa mwendo wa kobe. Hesabu ni hii: umbali wa kuonwa hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa ambao rada inauona. Chukua rada inayoona kitu cha mita 5 za mraba kutoka kilomita 200. Punguza ukubwa huo mara elfu, itakiona kwenye kilomita 36 hivi. Umbali umepungua mara tano na nusu tu, lakini kabla hujafika hapo mwenzako ameshafyatua. Hizo kobra zenu za maonyesho, ndege kuinua pua ghafla hadi wima, mtazifanyia wapi?

Tai Mweusi: "Zenu" na nani? Sijasema neno hapa na tayari nina upande! Na kobra siyo sarakasi. Tangu rubani wa Kisovieti Pugachev aionyeshe na Su-27 kwenye maonyesho ya ndege ya Le Bourget, Ufaransa, 1989 mnaicheka bila kuielewa. Rada ya Dopla, inayotambua shabaha kwa mwendo wake, hutupa nje kitu kisichosogea kuielekea wala kuikimbia. Ndege ikisimama wima ghafla, shabaha inapotea.

Kozi: Kwa sekunde ngapi mkuu? Mbili, tatu? Halafu umebaki huna mwendo, huna kimo cha ziada, pua inashuka polepole kama mgonjwa. Na kwenye Su-27 rubani alipaswa kwanza kuzima kizuizi cha pembe, kile kinachozuia pua isiinuke kupita kiasi. Nani anakumbuka swichi hiyo kombora likiwa njiani?

Mzee wa Mawimbi: Tai, kuhusu Dopla uko sahihi, ila dawa yake ni rahisi zaidi. Mpe adui ubavu, nyuzi 90, shuka ili ardhi iwe nyuma yako kwenye rada yake. Anakupoteza na mwendo wako unao. Hakuna haja ya kusimama wima.

Mbayuwayu: Kwa faida ya wasomaji: Waswidi walikuwa wanaifanya kobra na ndege yao ya kivita, Saab Draken, miaka ya 1960. Pugachev hakuivumbua.

Tai Mweusi: Hakuna aliyesema aliivumbua. Nimesema "aionyeshe". Soma kwanza.

Fundi Puti: Mnabishania kobra, ngozi ya ndege mmeisahau. Umbo linafanya kazi kubwa, mipako ya kumeza mawimbi inamalizia. Fungua kifuniko kimoja kubadilisha kifaa: unachubua puti kwenye mwanya, ukimaliza unajaza upya, unasubiri ikauke, unapaka, unapima. Skrubu ikisimama juu kidogo ya ngozi, au ukingo ukiachia, mwangwi unarudi. Ndiyo maana milango ya matumbo ya silaha ina kingo za meno ya msumeno, na hewa hupitia mfereji uliopinda ili mapanga ya injini yasionekane kwa mbele.

Kipanga: Kwa hiyo Rafale je? Jamani, swali langu…

Kozi: F-35 hubeba tumboni makombora 4 ya AIM-120, ya kupiga ndege kutoka mbali. Ukining'iniza mengine nje, umejiwashia taa. Rafale yote yako nje, ila ina kombora la Meteor, ambalo injini yake inaendelea kusukuma hadi karibu na shabaha wakati AIM-120 imeshazima na inateleza tu.

Tai Mweusi: Sasa si umekubali kwamba kombora ndilo linaloamua?

Kozi: Nimekubali wapi?

Mbayuwayu: Kuhusu Draken, waliifanya ili kujifunza namna ya kujinasua kwenye hali ya mabawa kupoteza nguvu ya kuibeba ndege, haikuwa ya maonyesho. Nilitaka tu liwe wazi.

Tai Mweusi: Wewe na Draken yako!