Mkrismasi umegoma kuchanua: niukate au nisubiri?

Wakuu, habari za muda huu. Niko Kibaha. Nina mkrismasi nilioupanda kwa mbegu, una miaka kama sita na umeshapita paa. Kivuli tele, ila ua hata moja! Kila Novemba wa jirani unawaka mwekundu, wangu majani matupu. Samadi ya ng'ombe naweka kila mwaka, maji namwagilia hata kiangazi. Mama watoto anasema tuukate tupande mwembe, walau tule. Nifanyeje?

Mama Bustani: Kaka, umejijibu mwenyewe. Asili ya mti huu ni Madagaska, kwenye misitu mikavu. Ukiudekeza kwa samadi na maji unakimbilia majani. Acha vyote, kuanzia Juni usiumwagilie kabisa, uache upukutike. Tena wa mbegu hauna haraka: mingine miaka mitano, mingine kumi na zaidi.

Kijana wa Chanika: Jua unapata? Wetu ulibanwa na mwarobaini, ukawa unachanua upande wa barabarani tu. Wapita njia wanafaidi, sisi wenye mti tunafagia.

Fundi Mchundo: Mnajadili maua! Uko umbali gani na nyumba?

Mleta uzi: Hatua nne hivi toka ukutani. Karo liko upande huohuo.

Fundi Mchundo: Basi hapo ndipo penye kazi. Mizizi yake haizami sana, inatambaa juujuu, inainua sakafu za nje, na karo likiwa na ufa inaingia kufuata maji. Mimi nisingeupanda chini ya mita kumi. Na matawi yake ni mepesi kuvunjika, upepo wa masika uliangusha moja juu ya bati la mteja wangu. Linaloelekea paa litoe sasa.

Mama Bustani: Fundi kasema kweli. Ukifikia kuukata, panda mnyonyore: maua yake yanafanana na ya mkrismasi, ni kichaka tu, na unachanua mapema. Mbegu ziloweke kwenye maji ya moto usiku kucha, ganda lake ni gumu.

Mleta uzi: Asanteni. Samadi inahamia kwenye migomba. Jumamosi naita kijana wa panga atoe hilo tawi, mti wenyewe naupa misimu miwili.

Fundi Mchundo: Msumeno mkuu, siyo panga. Na aanze kukata kwa chini, la sivyo tawi litashuka na gome la shina.