Injini ya 1KD-FTV: taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi, nianze kufungua wapi?

Mvuta_Mzigo

Habari za muda huu wakuu. Nina pikapu yenye injini ya 1KD, ile dizeli ya Toyota ya lita 3.0 inayoandikwa D-4D, niliinunua mkononi kwa mtu miaka miwili iliyopita na sasa inasoma kilomita 214,000. Nguvu inayo, mlima na mzigo inapanda vizuri tu, ila wiki tatu hizi kuna mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza nikiwasha asubuhi inagonga kama mtu anapiga nyundo kwenye bati, dakika moja hivi halafu inatulia. La pili taa nyekundu ya oili, zamani ilikuwa inazima papo hapo, sasa hivi nahesabu mpaka nne au tano ndo inazima. Nikipima na stiki oili imefika alama ya juu, haipungui. Fundi wangu anasema niweke oili nzito zaidi itatulia, na jamaa mwingine ananiambia niiuze mapema eti hizi injini hazidumu. Mwenye uzoefu naomba anisaidie, ni kweli hazidumu au kuna kitu nakosea?

Fundi_Nozeli

Mkuu kwanza paki hiyo gari, usiitembeze hata kwenda dukani. Kugonga kwa asubuhi kuna sababu nyingi na dizeli ikiwa ya baridi lazima inguruma, hilo tutaliongelea baadaye, kinachonitisha mimi ni hiyo taa.

Sikiliza inavyokuwa. Chini ya kila nozeli, yaani kile kifaa kinachopuliza dizeli kwenye silinda, kuna washa (pete bapa) nyembamba ya shaba, kazi yake ni kuzuia moto wa kwenye silinda usipande juu. Washa ikichoka gesi inaanza kupenya kidogo kidogo, na kwenye injini nyingine ungeona masizi kwa nje au ungesikia chu chu chu ukajua kuna shida, lakini kwenye 1KD sehemu hiyo imefunikwa na kava la valvu kwa hiyo gesi yote inaishia humo humo ndani kwenye oili na wewe huoni kitu. Masizi yanachanganyika na oili yanaungua yanakuwa magamba meusi magumu kama mkaa, yanashuka mpaka kwenye sampu, yaani lile bakuli la oili chini ya injini, halafu pampu inayavuta yanakwama kwenye kile chujio cha wavu mdomoni mwa bomba lake. Hapo ndo stiki inakuambia oili imejaa wakati taa inakuambia haifiki juu, na zote mbili zinasema kweli. Cha kwanza kufa ni turbo maana shafti yake inaelea kwenye oili, zikifuata beringi za kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, unaanza kutafuta injini nyingine.

Hiyo oili nzito achana nayo kabisa. Chujio limeziba nusu halafu unaliletea uji mzito, asubuhi itapita vipi?

Fanya hivi, mwaga oili, ukishatoa bolti ya sampu ingiza kamera ndogo ya waya kwenye hilo tundu utaliona chujio lenyewe. Kama huna kamera shusha sampu ya chini ile ya bati. Na kabla hujamwaga, injini ikiwa inanguruma fungua kifuniko cha kujazia oili uweke mkono, ukisikia inapuliza kwa mapigo na harufu ni ya exozi basi washa zimeshaachia.

Safari_Ndefu

Fundi kasema kweli tupu, mimi yalinikuta. Kuna fundi alitoa nozeli zangu akazisafisha akazirudisha na washa zile zile za zamani, aliona bado nzima. Washa ya shaba ikishakandamizwa mara moja imeshajifinyanga, haishiki tena mara ya pili. Nilitembea kama kilomita 9,000 hivi, turbo ikaanza kupiga mluzi, kuja kushusha sampu chujio lote limefunikwa na magamba limebaki tundu la upana wa ukucha wa kidole gumba. Kranki ilipona kwa bahati ila turbo niliizika.

Kwa hiyo ukibadilisha hakikisha kikalio cha kila nozeli kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kibaki hata chembe ya mkaa washa mpya itavuja. Washa za bomba la marejesho ya dizeli nazo weka mpya, halafu lipimwe kwa upepo kabla kava halijafungwa, maana hilo likivuja dizeli inaingia kwenye oili na ukipima na stiki unaona oili inapanda yenyewe.

Kilomita_Nyingi

Kuhusu kudumu mkuu usitishwe. Injini hii imetoka tangu 2000, ni silinda nne, valvu 16, cc 2982, kwenye Hilux inatoa karibu hospawa 170, na nimeendesha mbili zilizopita 400,000 bila kufunguliwa chini. Zinachokataa ni uzembe. Oili inaingia kama lita 7 pamoja na filta, mimi namwaga kila 5,000 kwa sababu navuta mzigo.

Ila umenunua mkononi, je mkanda wa taimingi ulibadilishwa? Vitabu vingi vinasema kilomita 150,000, na ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda isikudanganye, mtu anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Wenye injini ya 1GD iliyokuja baada yake 2015 wana cheni hawaujui huu wasiwasi.

Hilo la kugonga, fundi akupimie kwa kompyuta masahihisho ya kila nozeli, yaani kiasi cha dizeli ambacho gari linaiongezea au kuipunguzia, injini ikiwa ya moto. Ndani ya 3 juu au chini ni salama, iliyozidi sana hapo imechoka. Usiiache inadondosha dizeli, inatoboa pistoni. Na ukiweka nozeli mpya namba yake ya utambulisho (code) iandikwe kwenye kompyuta ya gari.

Mvuta_Mzigo

Wakuu Mungu awabariki. Nimeshusha sampu leo mchana, zaidi ya nusu ya chujio imezibwa, nimekwangua kwa kucha vimetoka vipande vinakatika kama maganda ya mti. Shafti ya turbo nimeitikisa haichezi juu wala chini. Nozeli ya tatu chini yake pameiva kama lami, hiyo ndo iliyokuwa inavujisha. Masahihisho yake tutayapima ikishawaka. Mkanda hauna kumbukumbu yoyote kwa hiyo unabadilishwa pia. Washa zote mpya zinafika kesho, gari halishuki kwenye mawe mpaka hapo.

Fundi_Nozeli

Safi. Ukishafunga, oili ya kwanza tembea nayo kilomita 1,000 tu umwage na filta ubadilishe, halafu chungulia chujio tena kwa kamera. Masizi yaliyobaki juu kwenye kichwa cha injini yataendelea kushuka kwa muda.